Serikali Ikibadilisha Saa Ghafla: Namna ya Kuiandaa Programu Yako

Alhamisi ya tarehe 23 Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza kwamba saa hazingesogezwa mbele usiku wa kuamkia Jumapili kama ilivyozoeleka kila mwaka kwa ajili ya majira ya joto. Zingesubiri hadi usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili, Ramadhani ikiisha. Siku hiyohiyo watunzaji wa hifadhidata ya kanda za saa duniani walitoa toleo 2023b lenye kanuni mpya ya Beirut. Kanisa la Wamaroni likakataa, vituo vikubwa vya televisheni navyo vikakataa, na kwa siku chache mji mmoja ukawa na saa mbili. Jumatatu tarehe 27 baraza la mawaziri likageuza uamuzi: saa zisogezwe usiku wa kuamkia tarehe 30. Kesho yake likatoka toleo 2023c, lililofuta kile ambacho 2023b ilikuwa imeweka.

Kazi yangu ni kutunza mfumo wa miadi na vikumbusho unaotumiwa na watu wa nchi nyingi. Ninachojali ni kitu kimoja: mgonjwa aliyeambiwa aje saa tatu asubuhi amkute daktari saa tatu asubuhi, hata kama katikati, baada ya miadi kuwekwa na kabla ya siku yenyewe kufika, serikali imebadilisha saa. Hilo linawezekana kabisa, lakini halitokei lenyewe. Lazima uwe umehifadhi kitu sahihi tangu mwanzo, na lazima ujue kanuni za saa ziko wapi katika mitambo yako.

Usidhani Lebanon ni kisa cha pekee. Morocco iliamua Ijumaa tarehe 26 Oktoba 2018 kubaki moja kwa moja kwenye saa +01 (yaani saa moja mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima), wakati saa zilikuwa zirudishwe nyuma Jumapili tarehe 28. Misri ilikuwa ianze saa za majira ya joto tarehe 7 Julai 2016 usiku, ikafuta mpango siku chache kabla. Uturuki mwaka 2015 iliahirisha kurudisha saa kwa wiki mbili kwa sababu ya uchaguzi, na simu nyingi zikarudi nyuma zenyewe tarehe ya zamani, wenye simu wakachelewa kazini. Syria na Jordan zilitangaza mwanzoni mwa Oktoba 2022 kwamba mwisho wa mwezi huo hakuna kurudisha saa, sasa ni +03 mwaka mzima. Ukikaa kwenye kazi hii unazoea kwamba tangazo linaweza kuja wiki kadhaa kabla, au siku mbili kabla, na programu yako inatakiwa iwe tayari kwa hizo siku mbili.

Kanuni zinatoka wapi

Ndani kabisa kompyuta haina asubuhi wala jioni. Inahesabu sekunde za UTC, basi. Mtu anapotaka kuona saa, programu huchukua hesabu hiyo, hutafuta kanuni za mahali alipo, kisha hujumlisha au kutoa. Kanuni hizo hazimo katika msimbo wako. Ziko kwenye hifadhidata iitwayo tz, iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, ikaratibiwa baadaye na Paul Eggert, na tangu Oktoba 2011 iko chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti. Ni kazi ya watu wanaojitolea, na karibu kila simu, seva na kivinjari kinawategemea. Matoleo yanapewa mwaka na herufi: 2023a, 2023b, 2023c. Windows ina hifadhidata yake yenye majina mengine, kama E. Africa Standard Time, kwa hiyo ukiwa na seva za Windows kumbuka kwamba una vyanzo viwili vya kufuatilia.

Nataka uone kanuni yenyewe ilivyo, kwa sababu ukishaiona hofu inapungua. Hii ndiyo Juba:

```
Zone Africa/Juba  2:06:28  -      LMT  1931
                  2:00     Sudan  CA%sT  2000 Jan 15 12:00
                  3:00     -      EAT  2021 Feb  1  0:00
                  2:00     -      CAT
```

Soma kutoka juu. Hadi 1931 ilitumika saa ya jua la Juba penyewe. Kisha saa mbili mbele ya UTC, pamoja na kanuni za Sudan, hadi adhuhuri ya 15 Januari 2000. Kisha saa tatu mbele, hadi 1 Februari 2021 saa sita usiku. Kuanzia hapo, saa mbili mbele, bila tarehe ya mwisho. Sudan Kusini ilipobadilisha saa, mhariri wa hifadhidata alichofanya ni kuandika tarehe mwishoni mwa mstari wa tatu na kuongeza wa nne. Toleo 2021a lilitoka mwishoni mwa Januari, siku chache kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo sheria mpya ya saa haidai uandike msimbo mpya. Inadai data mpya ifike kila pahali inapotumika, kisha mahesabu yaliyofanywa kwa data ya zamani yarudiwe. Sehemu ya kwanza ni ya kufikisha tu. Ya pili ndiyo inayowaumbua wengi, kwa hiyo naanza nayo.

Hifadhi kile mtu alichoahidiwa

Chukua mtu wa Juba aliyewekewa miadi mwezi Desemba 2020: tarehe 10 Februari 2021, saa tatu asubuhi, yaani 09:00. Mfumo unaofuata ule ushauri maarufu wa kuhifadhi kila kitu kwa UTC utafanya hesabu ya siku hiyo, +03, na kuandika 06:00 UTC. Ile saa tatu ya mtu imetupwa. Februari inaingia, nchi inahamia +02, seva inasasishwa vizuri kabisa, na mfumo unasoma 06:00 UTC na kuonyesha 08:00. Hakuna kosa lililoripotiwa popote. Kikumbusho kinamwambia aje saa mbili, wakati daktari, anayetazama saa ya ukutani na daftari lake, anamsubiri saa tatu.

Ushauri wa UTC ni mzuri kwa yaliyokwisha kutokea: malipo yaliyoingia, mtu aliyeingia kwenye akaunti, kumbukumbu za seva. Jambo lililotokea lina nukta moja katika wakati na hakuna bunge linaloweza kuihamisha. Ahadi ya siku zijazo ni kitu kingine. Aliyeahidiwa saa tatu ameahidiwa saa itakayosoma tatu mahali pale siku ile, kwa kanuni zozote zitakazokuwepo. Basi andika hivyo:

```
create table miadi (
  saa_ya_mahali  timestamp without time zone not null,
  ukanda         text not null,
  wakati_utc     timestamptz not null,
  toleo_tz       text not null
);
```

Safu mbili za kwanza ndizo ukweli. Ya tatu ni hesabu tu. Unaiweka ili uweze kupanga na kutafuta haraka, na unajua inaweza kubadilika. Ya nne inakwambia hesabu ilifanywa kwa toleo gani. Nasisitiza hii ya nne kwa sababu wengi huiona ya ziada, hadi siku wanapohitaji kujua ni miadi ipi imeshapitiwa na ipi bado.

Tahadhari kwa wanaotumia hifadhidata ya PostgreSQL: jina timestamptz linadanganya. Aina hiyo haihifadhi ukanda wa saa hata kidogo. Inageuza kila kitu kuwa UTC na kusahau ulikotoka. Ndiyo maana ukanda una safu yake.

Katika safu ya ukanda weka jina, kama Africa/Juba, usiweke +03:00. Namba hiyo ni tokeo la hesabu ya siku moja. Haijui kesho itakuwaje. Wala usikimbilie majina ya aina ya Etc/GMT-3. Hayo nayo hayabadiliki kamwe, na juu ya hapo alama zake zimegeuzwa: Etc/GMT-3 maana yake ni saa tatu mbele ya UTC.

Kuna mtego mwingine hapa ambao nauona katika mifumo iliyoandikwa na watu makini kabisa. Hifadhidata ya tz ina majina mengi ambayo ni viungo tu vya jina jingine. Africa/Kampala na Africa/Dar_es_Salaam, kwa mfano, ni viungo vya Africa/Nairobi. Mtu anayependa usafi anageuza kila jina liwe lile kuu kabla ya kuhifadhi. Usifanye hivyo. Hadi mwaka 2017 Africa/Juba ilikuwa kiungo cha Africa/Khartoum. Sudan ilipohamia +02 tarehe 1 Novemba 2017, Sudan Kusini ilibaki +03, na toleo 2017c likazitenganisha. Mfumo uliohifadhi Juba kama Juba uliendelea vizuri. Mfumo uliogeuza Juba kuwa Khartoum uliwahamisha watu wa Juba pamoja na wa Khartoum, na hakukuwa tena na njia ya kujua nani alikuwa wa wapi. Hifadhi jina alilolichagua mtumiaji, herufi kwa herufi.

Si kila jambo la baadaye ni la saa ya ukutani, lakini. Tokeni inayokwisha baada ya saa moja ni UTC. Dawa ya kila baada ya saa nane inahesabiwa kwa muda uliopita. Kikao cha watu wa nchi tatu kinahitaji ukanda mmoja uwe nanga, na wengine wafuate. Mwulize anayekiitisha, usimkisie. Kila mara jiulize: siku ikifika, nani atatazama saa gani ili ajue kwamba wakati umewadia?

Kama huwezi kubadilisha jedwali na una safu moja tu ya maandishi, kuna mwandiko uliosanifiwa mwaka 2024 katika RFC 9557 (hati ya viwango vya intaneti) unaobeba vyote kwa pamoja:

```
2021-02-10T09:00:00+03:00[Africa/Juba]
```

Faida yake ni kwamba unajishtaki wenyewe. Kanuni zikibadilika, +03:00 na Africa/Juba havipatani tena kwa tarehe hiyo, na programu inaweza kugundua. Temporal, sehemu ya JavaScript inayoshughulikia tarehe na saa, inakuruhusu kuchagua la kufanya vikigongana: kukataa, kufuata namba, au kufuata mahali. Kwa miadi ya watu, fuata mahali.

Tafuta nakala zote

Hapa ndipo kazi ya mikono ilipo. Mtu husasisha mfumo endeshi wa seva na kudhani amemaliza, kumbe seva moja inaweza kuwa na nakala nne au tano za hifadhidata ya tz, kila moja na toleo lake. Kaa chini uziorodheshe zote kabla hujapata dharura.

Kwenye Linux nakala ya mfumo iko /usr/share/zoneinfo. Mara nyingi kuna faili tzdata.zi humo, na mstari wake wa kwanza unataja toleo:

```
head -1 /usr/share/zoneinfo/tzdata.zi
```

Java haisomi nakala hiyo. Ina yake ndani ya JDK (kifurushi cha Java yenyewe), na inasasishwa kwa kuweka JDK mpya au kwa chombo cha tzupdater. Node.js ina yake ndani ya ICU (maktaba ya lugha na tarehe), na inakujibu ukiiuliza `node -p process.versions.tz`. Python kuanzia 3.9 ina moduli ya zoneinfo inayosoma nakala ya mfumo kwanza, na isipoipata inasoma kifurushi cha tzdata. Mradi wa zamani unaotumia pytz unabeba nakala ya pytz, hata mfumo usasishwe vipi. Go inaweza kubandikwa nakala ndani ya programu yenyewe wakati wa kuijenga, na hapo dawa ni kuijenga upya.

Hifadhidata za kawaida nazo zina mambo yao. PostgreSQL inaweza kuwa na nakala yake au kusoma ya mfumo, inategemea ilivyojengwa. Usibishane na nyaraka, iulize moja kwa moja:

```
select timestamp '2021-02-10 09:00' at time zone 'Africa/Juba' at time zone 'UTC';
```

Ikijibu saa 07:00, inajua kanuni mpya. Ikijibu 06:00, bado. MySQL huweka kanuni kwenye majedwali yanayojazwa na mysql_tzinfo_to_sql. Kusasisha mfumo endeshi hakuyagusi. Lazima uyajaze tena na uanzishe seva upya. Na kama CONVERT_TZ inakurudishia NULL kwa jina sahihi la ukanda, majedwali hayo hayajawahi kujazwa.

Kontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na mazingira yake, zinahitaji jicho la pekee. Imeji (kiolezo ambacho kontena huanzishwa kutoka kwacho) ya Alpine, Linux ndogo, haina tzdata hadi uiweke. Imeji nyingine inayo, lakini ni ya siku ilipojengwa, na inaweza kukaa hivyo miaka mingi kwa sababu inafanya kazi na hakuna anayeigusa. Seva yenyewe ikiwa na 2025b na kontena juu yake ikiwa na toleo la miaka mitatu nyuma, programu inafuata la kontena.

Kisha kuna kumbukumbu ya programu inayoendelea. Programu iliyoanza wiki iliyopita ilisoma kanuni wakati huo na kuzishika. Kubadilisha faili kwenye diski hakuisumbui. Baada ya kila sasisho la tz anzisha upya kila kitu kinachohusika na wakati, ukianza na cron (kinachoendesha kazi kwa ratiba) na foleni za kazi. Napendekeza pia kila huduma ionyeshe toleo lake la tz kwenye ukurasa uleule inaoripotia afya yake, ili siku ya haraka usiingie kwenye seva moja moja kukagua.

Siku tangazo linapotoka

Kwanza thibitisha. Habari ya gazeti haitoshi. Tafuta amri au tangazo rasmi la serikali, na usome mambo matatu: tarehe, saa kamili ya mabadiliko, na maeneo yanayohusika. Kisha tazama matangazo ya matoleo ya IANA. Mara nyingi watunzaji wameshalishughulikia. Kwa Morocco toleo 2018g lilitoka Ijumaa ileile ya uamuzi. Tatizo lilikuwa njia iliyobaki, kutoka kwa watunzaji hadi kwa wasambazaji wa mifumo endeshi hadi kwenye seva na simu za watu, na njia hiyo haipitiki kwa siku mbili.

Ikiwa huwezi kumsubiri msambazaji, jenga faili za kanuni mwenyewe. Pakua chanzo cha tz kutoka IANA, na kama kanuni mpya bado haimo, hariri faili la bara husika kama ulivyoona mistari ya Juba. Jenga yote kwenye saraka ya pembeni, usiiguse ya mfumo:

```
zic -d /opt/zoneinfo africa antarctica asia australasia \
    europe northamerica southamerica etcetera backward
zdump -v -c 2020,2022 /opt/zoneinfo/Africa/Juba
```

Amri ya pili inakuonyesha sekunde ya mwisho kabla ya mabadiliko na ya kwanza baada yake. Kwa Juba utaona hivi, nimefupisha kidogo:

```
Sun Jan 31 20:59:59 2021 UT = Sun Jan 31 23:59:59 2021 EAT
Sun Jan 31 21:00:00 2021 UT = Sun Jan 31 23:00:00 2021 CAT
```

Tazama vizuri: ilipokaribia saa sita usiku ya kuingia Februari, saa ilirudi hadi saa tano usiku ya tarehe 31 Januari. Siku hiyo ilikuwa na saa 25. Ripoti yoyote inayodhani siku ni sekunde 86,400 itakosea hapo. Ukiridhika na ulichokiona, zielekeze programu kwenye saraka mpya: TZDIR kwa zinazotumia maktaba ya C, PYTHONTZPATH kwa Python, ZONEINFO kwa Go. Na uandike mahali pa wazi kwamba umefanya hivyo, kwa sababu toleo rasmi likifika lazima saraka hiyo iondoke. Nani katika Lebanon ya 2023 angetaka kubaki na kanuni yake ya Alhamisi?

Kuna njia mbili za mkato ambazo watu huzishika wakiwa na haraka, na zote zina madhara. Ya kwanza ni kusogeza saa ya seva kwa mkono. Ukifanya hivyo umeharibu UTC yenyewe: vyeti vya usalama vinaanza kukataliwa, kumbukumbu zinapishana na za seva nyingine, na huduma ya kusawazisha saa itairudisha ilipokuwa bila kukuuliza. Ya pili ni kuwahamishia watumiaji kwenye mji mwingine wenye saa inayofanana, tuseme watu wa Juba wawekwe Africa/Maputo. Skrini itaonyesha saa sahihi leo, lakini umefuta ukweli wa walipo, historia yao ya kabla ya Februari 2021 sasa inasomeka kwa saa isiyo yao, na serikali yao ikibadilisha tena hutawapata.

Baada ya kanuni kufika, rudia hesabu:

```
update miadi
set wakati_utc = saa_ya_mahali at time zone ukanda,
    toleo_tz = '2021a'
where ukanda = 'Africa/Juba'
  and saa_ya_mahali >= '2021-02-01';
```

Vikumbusho vilivyokwisha kuingia kwenye foleni vina wakati wa zamani, kwa hiyo vitoe na uvipange upya kutoka jedwalini. Hatua hii ndiyo husahaulika kuliko zote, kwa kuwa jedwali linaonekana safi na foleni haionekani.

Kagua pia miadi iliyoangukia saa zisizokuwepo au zilizojirudia. Misri tangu 2023 husogeza saa mbele Ijumaa ya mwisho ya Aprili, saa sita usiku kamili, kwa hiyo tarehe 28 Aprili 2023 mjini Cairo siku ilianza saa 01:00. Programu iliyoandika 00:00 kwa mkono kama mwanzo wa siku iliomba wakati usiokuwepo. Tumia kitendo cha maktaba kinachotafuta mwanzo wa siku kwa ukanda husika. Java wanacho, atStartOfDay. Mara chache hukosekana siku nzima: Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011 yote. Kwa miadi iliyoangukia pengo, amua sera moja, mimi huisogeza mbele, na mwenye miadi aambiwe.

Ukanda unapogawanyika

Hili ni gumu, na hakuna sasisho linalolimaliza peke yake. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Mexico ilifuta saa za majira ya joto karibu nchi nzima, na jimbo la Chihuahua likahamia −06. Kisha manispaa za mpakani zikaruhusiwa kurudi kufuata majirani zao wa Marekani, na kuanzia tarehe 30 Novemba Ciudad Juárez ikawa na saa tofauti na Ojinaga. Hadi hapo miji yote miwili ilitumia jina moja, America/Ojinaga. Toleo 2022g likaanzisha America/Ciudad_Juarez. Chile nayo imezaa kanda mpya kwa namna hiyo: America/Punta_Arenas mwaka 2017 na America/Coyhaique mwaka 2025, zote zikitoka Santiago.

Mtumiaji wako ameandikwa America/Ojinaga. Je, yuko Juárez au Ojinaga? Jina haliwezi kukujibu. Kinachoweza ni anwani ya kliniki, mji, au hata ramani. Ndiyo maana kwa miadi inayofanyika mahali fulani nahifadhi mahali penyewe, na ukanda nautafuta kutoka hapo. Kama huna mahali, watafute wote wenye jina la zamani na uwaulize kwa ujumbe mfupi wako mji gani. Ni kazi ya kuchosha, lakini kukisia hapa ni kumchezea mtu siku yake.

Jambo dogo linaloandamana na hilo: kivinjari kipya kitaanza kutuma jina America/Ciudad_Juarez, na seva yako yenye toleo la zamani haijawahi kulisikia. Programu nyingi hutupa hitilafu na mtumiaji anashindwa hata kujisajili. Pokea jina usilolijua, lihifadhi kama lilivyo, na ujipigie kengele kwamba seva imepitwa na wakati.

Simu isiyosasishwa

Huwezi kusasisha simu ya mtu mwingine. Android kuanzia toleo la 10 inaweza kupokea kanuni za saa bila kungoja mfumo mzima, lakini kuna simu nyingi zilizoacha kupokea chochote. Kwa hiyo usiiachie simu hesabu ya mwisho. Kokotoa kwenye seva, kisha tuma maandishi yaliyokamilika: siku, saa, na jina la mji. "Jumatano 10 Februari, saa 3 asubuhi, saa za Juba" inaeleweka hata kama saa ya simu inasema vingine. Na katika siku za mabadiliko ongeza sentensi moja kwenye kikumbusho kwamba saa zimebadilishwa na miadi inafuata saa mpya. Watu hushukuru kwa sentensi hiyo kuliko kwa kipengele kingine chochote nilichowahi kuwaongezea.

Fanya jaribio kabla ya dharura

Lebanon imetuachia jaribio zuri kuliko lolote la kubuni, kwa sababu matoleo mawili yaliyofuatana yanapingana kuhusu siku zilezile. Kifurushi cha Python cha tzdata 2023.2 ni toleo 2023b, na 2023.3 ni 2023c. Sakinisha la kwanza na uendeshe:

```
pip install tzdata==2023.2
PYTHONTZPATH="" python -c "
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo
t = datetime(2023, 3, 27, 12, tzinfo=ZoneInfo('Asia/Beirut'))
print(t.utcoffset())"
```

PYTHONTZPATH ikiwa tupu, Python inaacha nakala ya mfumo na kusoma kifurushi. Utaona 2:00:00. Sakinisha 2023.3, rudia, na utaona 3:00:00.

Sasa ingiza programu yako yote kwenye jaribio hilo, kwenye seva ya majaribio. Ikiwa na toleo la kwanza, weka miadi ya Beirut kati ya tarehe 26 Machi na 20 Aprili 2023, na nyingine za miji ambayo haikuguswa. Acha vikumbusho viingie kwenye foleni. Badilisha toleo, anzisha huduma upya, endesha hesabu upya. Miadi ya Beirut iwe imebaki na saa_ya_mahali ileile na wakati_utc uliorudi nyuma saa moja. Ya miji mingine isiwe imesogea hata sekunde. Na foleni iwe na kikumbusho kimoja tu kwa kila miadi. Ukikuta viwili, kile cha zamani hakikuondolewa, na hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.